Rangi ya Gari la Kale: Namna Inavyochakaa na Namna ya Kuitunza

Gari la miaka mingi likipauka, mwenyewe hushawishika kulikwangua lote na kulipaka upya. Aghalabu hufanya haraka mno. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi, na pamoja nayo hupotea ushahidi wa ufundi wa zama zake. Tena mara nyingi mng'aro ungalipo, umefichwa tu na tabaka jembamba lililokufa.

Rangi ni nini?

Rangi ya gari ina sehemu kuu tatu: chembe zenye rangi, kiunganishi kinachozishika chembe hizo, na kiyeyushi kinachoifanya iwe majimaji. Mwanzoni mwa karne ya 20, magari yalipakwa vanishi ya mafuta ya kitani kwa brashi, na kazi iliweza kuchukua wiki kadhaa. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta rangi ya Duco, ambayo kiunganishi chake kilikuwa nitroselulosi, itokanayo na selulosi ya pamba na asidi ya nitriki. Magari ya Oakland ya mwaka 1924 yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuipata. Muda wa kukauka ulipungua kutoka siku nyingi hadi saa chache.

Nitroselulosi hukauka kwa kiyeyushi kuvukizwa tu. Kwa hiyo ikiguswa na thina huyeyuka tena, hata baada ya miaka mingi. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewa, na haiyeyuki kwa urahisi hivyo. Asiyeijua tofauti hii huweza kufuta doa la lami kwa thina akaifuta na rangi yenyewe.

Kwa nini hupauka?

Mionzi ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua huvunja molekuli za kiunganishi. Chembe za rangi hubaki juu zikiwa hazina kizishikacho, mfano wa vumbi la chaki. Uso huwa na mikwaruzo midogo midogo, mwanga hutawanyika badala ya kuakisiwa sawasawa, na jicho huona weupe. Unyevu ukipenya kwenye ufa hufika kwenye chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huinua rangi kutoka chini.

Matunzo

1. Gari lioshwe kivulini kwa maji mengi kabla ya kuguswa na kitambaa. Vumbi lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi, nazo hukwaruza.

2. Mahali pasipoonekana pasuguliwe kwa kitambaa cheupe chenye polishi kidogo. Kitambaa kikipata rangi ya gari, basi hakuna tabaka angavu juu yake, na tabaka lililokufa laweza kuondolewa taratibu.

3. Kisha gari lipakwe nta. Nta ya karnauba, itokayo katika majani ya mti wa jamii ya minazi wa Brazili, huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi. Nta ya nyuki huyeyuka karibu na 63. Bati jeusi lililoanikwa juani huweza kupita nyuzi 60, ndiyo maana karnauba hupendelewa.

4. Rangi ya kale isipigwe msasa mkavu. Baadhi yake, hasa za njano, zina madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Msasa utumike na maji, na watoto wakae mbali.

Jaribio

Paka vipande viwili vya bati rangi moja. Kimoja kifunikwe nusu kwa karatasi nyeusi na kuwekwa juani. Kingine kihifadhiwe kabatini. Baada ya miezi mitatu linganisha sehemu zote tatu. Funua pia iwapo nusu iliyofunikwa ilipata joto lakini haikupata mwanga: ni kipi kilichopausha rangi?

Maswali

1. Kwa nini thina huyeyusha nitroselulosi ya zamani?

2. Ichukuliwe kuwa tabaka la rangi lina unene wa milimita 0.05, na kila usuguaji huondoa milimita 0.002. Baada ya mara ngapi rangi itakwisha?

Jibu la swali la pili ni 25. Polishi, basi, hung'arisha kwa kupunguza. Nta ndiyo ilindayo. Mwenye gari la kale asugue mara chache, apake nta mara kwa mara, na kuliegesha kivulini.