Haki ya Mgonjwa Aliyeumizwa

Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: aliyepaswa kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, na mwenye uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Nchi nzima ilishtuka. Lakini kwetu Karagwe na Kyerwa, msiba ukitokea wodini, mara nyingi twasikia neno moja tu: Mungu amependa. Tusimsingizie Mungu uzembe wa mwanadamu.

Kweli, si kila kifo ni kosa la daktari, na wauguzi wengi hukesha kwa uaminifu. Kosa mbele ya sheria ni pale mtaalamu alipoacha uangalifu uliompasa, na mgonjwa akadhurika kwa sababu hiyo. Nalo huthibitishwa kwa karatasi kuliko kwa machozi. Basi mwenye lalamiko atunze kadi, risiti na vyeti vyote. Aandike siku, saa na waliokuwapo, kabla hajasahau.

Kwanza amwone mganga mfawidhi. Asiporidhika, aweza kumshtaki daktari kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, lenye uwezo wa kumfutia usajili; ila fidia huamriwa na mahakama. Huko muda ni miaka 3. Hospitali ikiwa ya Serikali, yampasa kutoa taarifa ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Hospitali za misheni, zetu zikiwamo, nazo zaweza kushtakiwa.