Somo: Mbwa Aliyekula Kahawa

Ndugu wakulima, mbwa mwema ni mali ya nyumba. Katika vijiji vya Ituri wanaume wengi huenda kuchimba zahabu, na shamba hubaki kwa wanawake na watoto. Hapo mbwa ndiye anayefukuza nyani na nguruwe wa pori. Mbwa akifa, mahindi yanaliwa. Kwa hiyo jifunzeni jambo hili: kahawa ni sumu kwa mbwa.

Sababu yake.
Ndani ya kahawa mna kitu kinachoitwa kafeini. Ndicho kinachomzuia mtu asisinzie. Mtu anakunywa maji tu yaliyopikwa na kahawa, na mwili wake ni mkubwa. Mbwa anameza kahawa yenyewe, na mwili wake ni mdogo. Kahawa ya Robusta ina kafeini karibu mara mbili kupita Arabika ya milimani. Gramu 10 za Robusta iliyosagwa, kama vijiko viwili vikubwa, zina kafeini miligramu 200 hivi: zatosha kumsumbua mbwa wa kilo 10. Gramu 50 zaweza kumwua. Machicha ya kahawa, maganda ya matunda yake na majani ya chai yana kafeini vilevile.

Alama zake.
Mara nyingi alama zinaonekana kabla ya saa mbili kupita. Mbwa anahangaika, anahema upesi, anatapika, anakunywa maji sana na kukojoa mara nyingi. Moyo unapiga mbio. Sumu ikizidi, anatetemeka na kuanguka kifafa.

Mfanye hivi.
1. Ondoeni kahawa iliyobaki. Angalieni amekula kiasi gani, na tangu saa gani.
2. Mganga wa nyama akiwa karibu, mpelekeni mbwa mara moja, msingoje alama. Akifika mapema, mganga aweza kumtapisha na kumpa makaa ya dawa yanayoshika sumu tumboni. Makaa ya jikoni si dawa hiyo.
3. Mganga akiwa mbali, mwekeni mbwa kivulini, mahali pa baridi na kimya. Watoto wasimchezee. Mpeni maji safi, naye anywe mwenyewe. Mtoeni mara kwa mara akojoe, maana kafeini iliyo katika mkojo ikikaa ndani inarudi mwilini.
4. Akishikwa na kifafa, ondoeni mawe na kuni karibu naye. Mtu asitie mkono wala kijiti kinywani mwake.
5. Mlindeni usiku na mchana. Taabu yaweza kuendelea siku moja na nusu, hata zaidi.

Msifanye hivi.
Msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike: chumvi nyingi nayo inaua mbwa. Msimmiminie mafuta wala maziwa kwa nguvu, yasije yakaingia katika mapafu.

Kuzuia ni bora.
Hakuna dawa inayovunja nguvu ya kafeini. Basi wekeni kahawa katika debe lenye kifuniko. Ianikeni juu ya kitanda kirefu, si juu ya mkeka chini. Machicha na maganda myatie katika shimo la mbolea lenye ua.

Maswali.
1. Kwa nini kahawa inamdhuru mbwa kuliko mtu?
2. Taja alama nne za sumu hii.
3. Kwa nini mbwa atolewe mara kwa mara akojoe?
4. Nyumbani kwako kahawa imewekwa wapi? Mbwa aweza kuifikia?