Kusafisha Maganda ya Risasi: Somo la Kemia

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Sisi tunaosoma katika nyanda hizi za Iringa na Mbeya twajua habari za Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 majeshi ya Mtwa Mkwawa yaliuvamia msafara wa Wajerumani, na kiongozi wake, Emil von Zelewski, akauawa. Wahehe waliteka bunduki nyingi. Lakini bunduki ya kutekwa ina shida moja. Gobori hushindiliwa baruti na kipande chochote cha chuma, nalo hulia. Bunduki ya Mauser haikubali hivyo. Yataka risasi kamili, yenye ganda la shaba ya manjano, fataki kitakoni, baruti ndani, na kichwa cha madini ya risasi mdomoni. Tena mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umezuia bunduki za namna hiyo na risasi zake kuingizwa ovyo katika Afrika. Kwa hiyo risasi ikiisha, bunduki hugeuka rungu.

Katika vitu hivyo vinne, ganda peke yake hubaki baada ya kupiga. Ndiyo maana katika nchi nyingi wapiga shabaha huyaokota maganda na kuyajaza upya. Kazi ya kwanza ni kuyasafisha, na katika kazi hiyo mna somo zuri la kemia.

Ganda hutengenezwa kwa shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30 katika kila 100. Mchanganyiko huu ni mgumu, lakini hunyumbuka. Baruti ikiwaka, ganda hutanuka na kuziba mtutu kwa nyuma, ili moto usirudi usoni mwa mpigaji; kisha hunywea kidogo likatoka. Sasa, ganda lenye ufa haliwezi kuziba. Masizi huuficha ufa huo. Basi watu wengi hudhani ganda husafishwa ili ling'ae, kumbe husafishwa ili lionekane.

Baruti nyeusi ya zamani ilifanywa kwa shura, salfa na makaa. Majivu yake huvuta unyevu hewani na kuila shaba, kwa hiyo ganda lilipaswa kuoshwa kwa maji upesi baada ya kupiga. Siku hizi njia ni mbili. Ya kwanza ni kuyatia maganda katika pipa linalozunguka au kutikisika, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Naam, magunzi yale yale tunayoyatupa jikoni! Ni magumu kiasi cha kuondoa uchafu, lakini hayakwaruzi shaba. Njia ya pili ni maji ya moto yenye sabuni na asidi kidogo ya namna ile iliyomo katika limau. Asidi huyeyusha oksidi, yaani ule weusi wa juu. Dakika chache zatosha. Kisha ganda husuuzwa sana na kukaushwa. Likikaa mno, zinki hutoka na shaba hubaki, nalo hugeuka jekundu. Wekundu huo si uzuri, ni ugonjwa.

Adui mkubwa kabisa ni amonia. Katika karne ya 19 jeshi la Waingereza huko India liliona maganda mapya yakipasuka yenyewe ghalani wakati wa masika. Mwaka 1921 wataalamu Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza sababu: amonia iliyotoka katika mkojo wa farasi, pamoja na unyevu, ilipenya penye mkazo uliobaki katika shaba tangu ilipofinyangwa kiwandani. Dawa yake ni kuipasha shaba moto wa kadiri ili mkazo utoke. Kwa hiyo dawa ya kung'arishia yenye amonia, hata ikitoa mng'ao kama dhahabu, haifai kwa ganda la kujazwa tena.

Ndugu zangu wanafunzi, kujaza risasi si kazi yetu. Silaha na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015. Vumbi la maganda pia lina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Lisifike katika sufuria wala mikononi mwa mtoto. Ukikuta shambani risasi ambayo kichwa chake hakijatoka, usiiguse; mwite mwalimu au polisi. Atakaye kujaribu somo hili achukue bomba bovu la maji la shaba ya manjano, alipake maji ya limau, ahesabu dakika, aone.

Yako pia maganda yasiyofaa kusafishwa kabisa. Kalenga kuna nyumba ya makumbusho ambako fuvu la Mkwawa limewekwa tangu liliporudishwa mwaka 1954. Jembe likigonga ganda kuukuu katika nchi hii ya vita vya zamani, mtu asilisugue kwa mchanga. Ule ukoko wa kijani, na alama ndogo zilizopigwa kitakoni kiwandani, huweza kumweleza mtaalamu ganda lilitoka wapi na limelala udongoni namna gani. Tumesema kwamba ganda husafishwa ili lionekane. Basi hapo kinachotakiwa kuonekana ni kutu yenyewe.