Kwa Nini Barua Pepe Hurudi kwa Mtumaji?

Mkazi wa Ikungi, mkoani Singida, anayeomba kazi Dar es Salaam, au karani wa chama cha ushirika anayempelekea mnunuzi wa alizeti hati za mzigo, anaweza leo kutumia barua pepe bila kupanda basi. Barua hiyo isipofika, kazi hupewa mwingine na mzigo hukosa mnunuzi. Hata hivyo, mara nyingi mitambo huwa imekwisha kueleza sababu ya barua kutofika. Maelezo hayo huja kwa Kiingereza na kwa tarakimu, naye mtumaji huyafuta bila kuyasoma.

Safari ya barua

Anwani ya barua pepe ina sehemu mbili, zinazotenganishwa na alama @ ambayo Ray Tomlinson wa Marekani aliianza kuitumia mwaka 1971. Sehemu ya kushoto ni jina la mwenye kikasha. Ya kulia ni jina la kikoa, yaani mahali kikasha kilipo. Kwa mfano wa posta, kikoa ni mji, na jina ni namba ya sanduku.

Barua ikitoka katika simu huenda kwanza kwenye seva ya mtumaji. Seva hiyo huuliza katika orodha ya majina ya mtandao ni mtambo upi unaopokea barua za kikoa kile, kisha huuita. Mazungumzo ya seva hizo mbili hufuata kanuni ziitwazo SMTP, zilizotolewa na Jonathan Postel mnamo Agosti 1982 na kurekebishwa baadaye. Kila ombi hujibiwa kwa namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 2, ombi limekubaliwa. Ikianza na 4, kuna kizuizi cha muda. Ikianza na 5, ombi limekataliwa kabisa.

Sababu za kukataliwa

(a) Anwani yenye kosa. Herufi moja ikikosewa, au .co.tz ikiandikwa .com, seva huenda isipate kikoa, au ikapata kikoa kisicho na mtu huyo. Jibu la kawaida kwa kikasha kisichokuwapo ni 550. Hatari kubwa zaidi ni kosa linaloangukia kwenye anwani ya mtu mwingine: barua hufika, wala hairudi.

(b) Kikasha kilichojaa. Mpokeaji asiyefuta barua za zamani humaliza nafasi aliyopewa. Namba 452 au 552 huweza kuonekana.

(c) Mzigo mkubwa mno. Viambatisho hubadilishwa kuwa herufi kabla ya kusafirishwa, na kila baiti 3 huwa herufi 4. Kwa hiyo picha za vyeti zenye megabaiti 20 huwa takriban megabaiti 27 njiani. Seva yenye kikomo cha megabaiti 25 huzikataa, ingawa mtumaji anaamini hajavuka kiwango.

(d) Mtumaji asiyeaminika. Kanuni za awali hazikumtaka mtumaji athibitishe jina lake, nao matapeli wakaitumia nafasi hiyo. Siku hizi wenye vikoa hutangaza ni mitambo ipi inayoruhusiwa kutuma kwa jina lao, na huzitia barua sahihi ya kielektroniki. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wameyatilia mkazo masharti hayo, hasa kwa wanaotuma barua nyingi. Ofisi isiyotimiza masharti hayo huweza kukataliwa hata kama barua zake ni za kweli.

Kizuizi kikiwa cha muda, seva ya mtumaji huiweka barua katika foleni na kujaribu tena. Kanuni zinashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Hivyo, barua iliyotumwa Jumatatu huweza kurudi Ijumaa, baada ya siku ya mwisho ya maombi kupita.

Barua isiyorudi wala kufika

Si kila barua isiyofika hurudi. Simu ikikosa mtandao, barua hubaki katika kasha la zinazosubiri kutumwa, haijaanza safari. Nyingine hupokelewa na seva, kisha ikawekwa katika kasha la barua taka, naye mtumaji hapati taarifa. Kinyume chake, mtu akipata taarifa za kurudishwa kwa barua ambazo hakuzituma, huenda tapeli ameitumia anwani yake, au ameingia katika kikasha chake. Hapo hapana budi kubadili nywila.

Mambo ya kuzingatia

1. Taarifa ya kurudishwa isomwe kabla ya kufutwa, na namba ya tarakimu tatu itafutwe.

2. Namba ikianza na 5, kutuma tena barua ile ile hakusaidii mpaka sababu iondolewe.

3. Namba ikianza na 4, mtumaji asubiri. Muda ukiwa mfupi, apige simu.

4. Anwani inakiliwe kutoka kwenye tangazo lenyewe, si kwa kumbukumbu.

5. Picha za vyeti zipunguzwe ukubwa, na barua muhimu itumwe siku kadhaa kabla ya siku ya mwisho.

6. Viungo vilivyomo katika taarifa ya kurudishwa visibonyezwe, wala nywila isitolewe, kwani matapeli huiga taarifa hizo. Taarifa ya kweli haimwombi mtu nywila yake.