Kiti cha Gari Kilichobonyea: Kazi ya Nyumbani au Kazi ya Gereji?

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, barabara nyingi za vijijini ni za udongo na changarawe. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyoanzishwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga wa 1947 hadi 1951, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo korosho, ufuta na abiria wa sehemu hizo hutegemea magari. Gari lipitalo barabara hizo kila siku huchakaa. Matairi na springi hukaguliwa mapema, lakini kiti cha dereva husahauliwa mpaka mgongo uanze kuuma. Hapo huzuka swali: je, mwenye gari abadilishe sponji mwenyewe, au alipeleke gari gereji? Jibu halitegemei bei peke yake. Linategemea kwanza kuelewa kazi ya kiti.

Kiti ni springi

Mto wa kiti haukuwekwa kwa ajili ya starehe tu. Ni springi iliyo kati ya bodi ya gari na mwili wa mtu. Kitu chochote kilichokalia springi kina kasi yake ya asili ya kutikisika, ambayo hukadiriwa kwa kanuni hii:

mitikisiko kwa sekunde = (1/2π) × √(g/d)

Hapa g ni 9.8, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, na d ni kina, kwa meta, ambacho mto hubonyea mtu anapoukalia. Mto mzuri unaobonyea sentimeta 4 hutoa mitikisiko 2.5 hivi kwa sekunde. Mto uliochakaa, uliobakiwa na nafasi ya kubonyea sentimeta 1 tu, hutoa mitikisiko 5 hivi. Sponji halisi haifuati kanuni hii kikamilifu, lakini makadirio haya yanatosha kuonyesha jambo lenyewe.

Jambo hilo ni zito. Uti wa mgongo wa mtu aliyeketi huitikia zaidi mitikisiko ya kati ya 4 na 6 kwa sekunde. Mtoto anayesukuma bembea kwa wakati wake huikuza kwa nguvu kidogo tu. Vivyo hivyo, kiti kinachotikisika mara 5 kwa sekunde huukuza mtikisiko uleule unaouumiza mgongo. Mto unaotikisika mara 2.5, kinyume chake, huweza kuupunguza mtikisiko huo hadi karibu theluthi moja, ukiachilia mbali msuguano. Kwa sababu ya madhara ya aina hii, Shirika la Viwango la Kimataifa lilitoa mwaka 1974 kanuni ya ISO 2631 ya kupima mitikisiko impatayo binadamu.

Sponji hutengenezwaje na huchakaaje?

Zamani viti vilijazwa sufi, katani, manyoya ya farasi au makumbi ya nazi juu ya springi za chuma. Mwaka 1929 kampuni ya Dunlop ilianza kutengeneza povu la utomvu wa mpira. Mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake, nchini Ujerumani, waligundua poliurethani, na katika miaka ya 1950 povu lake laini likaenea viwandani. Kemikali mbili huchanganywa pamoja na maji kidogo. Gesi ya kaboni dayoksaidi hutokea na kuumua mchanganyiko kama hamira iumuavyo unga wa maandazi. Vyumba vidogo vidogo vya hewa hubaki ndani.

Kuta za vyumba hivyo hupinda na kurudi kila gari linaporuka shimo. Baada ya kupinda mara nyingi mno, huchanika. Joto, unyevu na mwanga wa jua huharakisha uharibifu huo. Sponji hugeuka njano, humeguka kama makombo, na hairudi tena ilipokuwa.

Kupima kabla ya kununua

Kosa la kawaida ni kukata godoro jepesi na kulifanya mto wa gari. Mtu aliyelala husambaza uzito wake juu ya eneo kubwa. Aliyeketi huukusanya chini ya mifupa miwili ya makalio. Kanieneo huwa kubwa zaidi, na sponji nyepesi hugota chini.

Kubonyeza kwa kidole hakuonyeshi ubora, kwa kuwa ugumu na densiti ni sifa mbili tofauti. Inafaa kupima. Kipande cha sentimeta 60 kwa 60 kwa 10 kina ujazo wa meta za ujazo 0.036. Kikiwa na kilo 0.54 kwenye mizani ya dukani, densiti yake ni kilo 15 kwa meta ya ujazo, hiyo haifai. Sponji ya kiti cha gari kwa kawaida huwa na kilo 40 hadi 60.

Kazi ya mwenye gari

Mtu mwenye spana, kisu kikali, gundi na subira aweza kufungua bolti za kiti, kukata vipete vya waya vinavyoshika kitambaa, kutoa sponji ya zamani na kuitumia kama kipimo cha kukatia mpya. Gunia zito huwekwa juu ya springi ili zisiikate sponji. Unene wa awali usizidishwe: sentimeta 5 za ziada hubadili umbali wa pedali, mkao wa mkanda na nafasi ya kichwa chini ya paa. Gundi ipakwe mahali penye hewa, mbali na moto.

Kazi ya fundi

Reli ya kiti iliyolegea, fremu iliyopasuka na nanga ya mkanda wa usalama si kazi za kujaribia, kwani ajali moja huonyesha kosa lote. Magari mengi ya siku hizi yana mfuko wa hewa ubavuni mwa kiti, au kipima uzito chini ya mto. Nyaya zake, ambazo mara nyingi zina viungio vya rangi ya njano, zisiguswe na asiyezijua.

Lakini kumwamini fundi si kufumba macho. Mwenye gari aulize sponji mpya ina densiti gani, aombe kuiona kabla haijafunikwa, na ahakikishe fremu haichomelewi sponji ikiwa juu yake. Poliurethani huwaka upesi na kutoa moshi wenye kaboni monoksaidi na sianidi.

Kwa hiyo mpaka uko wazi. Kinachobeba uzito wa mtu chaweza kubadilishwa nyumbani kwa vipimo. Kinachomshika mtu wakati wa ajali kiachiwe fundi, naye aulizwe maswali.

Zoezi

1. Sponji ya sentimeta 50 kwa 50 kwa 10 ina kilo 0.5. Tafuta densiti yake. Je, inafaa kwa kiti cha gari?
2. Mto unabonyea sentimeta 2. Kadiria mitikisiko yake kwa sekunde.
3. Kwa rula na ubao ulionyooka, pima kiti cha gari lolote kabla na baada ya mtu kukikalia. Eleza hali ya kiti hicho.

Majibu: (1) kilo 20 kwa meta ya ujazo; haifai. (2) 3.5 hivi.