Pesa ya Mbegu Isiende kwa Bitcoin

Umeuza viazi hapo Ainabkoi na pesa imeingia kwa simu. Rafiki anakuambia ununue bitcoin. Kabla hujaamua, tupige hesabu pamoja.

Novemba 2021, bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeshuka chini ya dola 16,000. Kama ungeweka shilingi 60,000 bei ikiwa juu, ungebaki na kama 15,000 hivi. Ni kweli bei ilipanda tena miaka iliyofuata, lakini mvua haingekungoja. Ungelazimika kuuza kwa hasara ndio upate mbegu, ama shamba likae bila kupandwa.

Kwa hivyo tunashauri hivi:

1. Tenga kwanza pesa yenye tarehe: mbegu, mbolea, karo, mkopo. Hiyo usiiguse.

2. Ukitaka kujaribu kripto, tumia tu kiasi ambacho hata kikipotea chote, bado utapanda.

3. Uliza leseni. Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo kuhusu bitcoin tangu Desemba 2015, na sheria ya 2025 inataka kampuni za biashara hii ziwe na leseni.

4. Mtu akikuahidi faida ya uhakika, kisha akuambie utume kwa nambari yake binafsi, usitume. Akishatoa pesa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu sana.

Leo jioni, andika malipo yako yote hadi mavuno yajayo. Kitakachobaki ndicho cha kufikiria kuwekeza.