Jumamosi Mpe Shakila

Wadogo zangu, wiki nzima mmebanana kwenye daladala mkisikiliza anachotaka konda. Ikifika Jumamosi, simu nayo isikuchagulie nyimbo. Ukiiachia, saa mbili asubuhi, kitanda hujatandika, itakurushia singeli, na mapumziko yameishia hapo. Chagua sauti moja ukae nayo.

Kwangu mimi, asubuhi ni ya Shakila Said. Watu wa Tanga wanamjua tangu enzi za kikundi cha taarabu cha Black Star. Wengine anzeni na "Macho Yanacheka". Bibi yule, aliyefariki mwaka 2016, hakuwa na haraka wala makelele. Unasikia kila neno, na mikono yako inaendelea kuchambua mchele au kupiga pasi bila kujua kama inafanya kazi.

Jua likishakuwa kali, Mbaraka Mwinshehe. Wa bendi ya Morogoro Jazz, baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Aliimba, na gitaa la solo akalipiga mwenyewe. Dansi la wakati ule lilitaka subira: mwanzo mtu anasimulia shida yake polepole, halafu magitaa yanachangamka. Kwenye santuri ndogo wimbo mmoja mara nyingi uligawanywa pande mbili, ilibidi uinuke uigeuze. Ninyi mnabonyeza kuruka kabla utamu haujafika! Acheni hiyo tabia.

Sasa taarabu ya mipasho, hapo nikuonye. Khadija Kopa nampenda sana. Miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano viliposhindana, yeye upande huu na Nasma Khamis "Kidogo" upande ule, watu walikwenda ukumbini na noti zao, na kuna aliyeinuka kutunza huku akimtazama mbaya wake. Kwa hiyo wewe unayeishi nyumba ya kupanga, ukuta mmoja na jirani mliyegombana juzi kwa pesa ya luku, ukifungulia mpasho spika imeelekea mlangoni kwake, usije kuniambia hukukusudia. Utakuwa umeanzisha vita wikiendi uliyosema unapumzika. Punguza sauti, au subiri mpatane.

Usiku ni wa Bi Kidude. Wapo wanaolalamika kwamba sauti yake inakwaruza. Hao mimi siwabembelezi. Mama yule aliimba nyimbo za Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na aliziimba kama mtu anayejua kila aliyetajwa ndani yake. Yeye usimsikilize huku unaosha vyombo. Keti mkekani, simu iwe mbali.

Nyimbo zako zipakue tangu Ijumaa, bando lisije likakatika katikati ya ubeti. Na mwenzio akisema hamtaki Bi Kidude, anataka mpira, msigombane. Mpe redio yake akasikilizie jikoni, na chakula cha usiku akipike yeye.